Marahaba, Mfunge Kwanza

Asubuhi moja ndani ya Msitu wa Rau nilimkuta mama mmoja akirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mundu kauchomeka katikati ya mzigo. Mbele yake akachomoka mbwa mkubwa wa kahawia, mbio, ulimi nje. Hatua kama hamsini nyuma ya mbwa alikuja kijana wa mazoezi, kamba ya mbwa kaivaa shingoni mwake mwenyewe kama skafu.

"Shikamoo mama! Usiogope, haumi!"

Mama hakugeuza shingo. Mwenye majani kichwani hageuzi shingo, hugeuka mwili mzima. "Marahaba," akajibu. "Mfunge kwanza."

Kijana akamwita mbwa. Akamwita tena. Mara ya nne mbwa akaitika, lakini alikuwa keshanusa kanga yote na kupiga chapa ya matope, miguu miwili, kiunoni kwa mama wa watu.

Suala la mbwa wanaoachiwa huru maeneo ya matembezi, Rau, Lema Road na vichochoro vya Shanty Town, linarudi midomoni mwa watu wa Moshi kila msimu wa mazoezi ya Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. Wakimbiaji wanatoka alfajiri, muda uleule mageti yanapofunguliwa na mbwa waliolinda usiku kucha wanatoka kunyoosha miguu. Wenye mbwa wanasema watu wa hapa wana woga wa kijinga. Wasio na mbwa wanasema wenye mbwa wana dharau. Nimewasikiliza wote, na nina mbwa nyumbani, kwa hiyo nisije nikaambiwa nawachukia wanyama.

Nianze na wenye mbwa, maana hoja zao si za kubeza. Mbwa wa mjini Moshi hafugwi kama pambo, anafugwa kwa kazi. Mchana anashinda bandani, jua likizama anafunguliwa azunguke uani. Mbwa wa namna hiyo asipotolewa nje hata siku moja, anaanza kumwona kila asiyemjua kuwa mwizi. Anayetoka akakutana na watu, pikipiki na mbuzi, akaonja harufu za dunia, anatulia. Halafu mbwa haridhiki kutembea kwa mwendo wa mwanadamu, anataka kukimbia, na hapa mjini hakuna uwanja uliotengwa kwa ajili yake. Mwenye mbwa afanyeje? Tena wapo wanaopita wakirusha mawe kwa mbwa aliyelala zake, na wapo wanaotupa nyama yenye sumu usiku. Nimewahi kumwona mbwa akifa kwa sumu. Sitaki kueleza.

Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna hata moja linalomjibu yule mama wa majani.

Hebu tulitazame hilo neno "haumi". Anayelisema anatoa ushahidi wa miaka: amemlea mbwa tangu akiwa mtoto wa kiganja, anajua akikunja sikio maana yake nini. Ujuzi huo wote umo kichwani mwake. Anayeambiwa hana hata chembe yake. Anachoona yeye ni meno, kasi, na mtu mmoja yuko mbali. Kumwambia "usiogope" ni kumdai akuamini wewe usiyemjua kuhusu mnyama asiyemjua, na akuamini ndani ya sekunde tatu. Akishindwa, anaitwa mshamba. Mimi naona mshamba hapo ni yule anayedhani mapenzi yake kwa mbwa wake yanaonekana usoni mwa mbwa.

Tena hata tukubali kwamba haumi kweli. Kuna mzee wa Njoro anayekwenda msikitini kwa swala ya alfajiri, kanzu imepigwa pasi, udhu kautia nyumbani. Mbwa mwema, mchangamfu, rafiki wa watu wote, anamrukia na kumlamba mkono. Hajang'ata. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi hii, mate ya mbwa ni najisi, na palipoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Mzee anageuza njia kurudi nyumbani, na swala ya jamaa imempita. Mwenye mbwa anacheka, "Amekupenda huyo, mzee!" Wala hajui amemfanyia nini. Kwa hiyo swali la kwamba mbwa anauma au haumi ni dogo kuliko tunavyolifanya. Swali ni kama mwenzio amekubali kuguswa.

Sasa tuje kwenye meno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba binadamu karibu wote wanaokipata, hadi 99 kati ya 100, wanaambukizwa na mbwa. Takwimu hizi watu wamezizoea, zinapita masikioni kama upepo. Ninayoshindwa kuiacha ni nyingine ya shirika hilohilo: kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wawili kati ya kila watano.

Ifikirie asilimia hiyo kwa sura ya Moshi. Mtoto wa darasa la pili anatoka Rau au Longuo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa miguu, peke yake au na mwenzake. Kimo chake ni kile ambacho mdomo wa mbwa unafika usoni. Akimwona mbwa anakimbia, na kinachokimbia hufukuzwa. Akikwaruzwa jino mguuni hasemi nyumbani, kwa sababu atagombezwa: ulipita wapi, ulimchokoza wa nini? Anavuta soksi kufunika jeraha, anakaa kimya. Virusi vya kichaa haviendi kwa damu, vinapanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, na jeraha likiwa la usoni au kichwani safari ni fupi zaidi. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Kabla ya hapo kungetosha kumwosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha kumkimbiza hospitali akaanze sindano. Dakika 15 na sindano, basi. Lakini nani atamwosha mtoto asiyesema?

Na hata akisema, mbwa anayekimbia huru bila mtu anaacha fumbo. Mbwa akijulikana, akafuatiliwa siku 10 na kuonekana mzima, daktari anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Mbwa asipojulikana ni wa nani, lazima umalize dozi. Hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa, siku za kazi zilizopotea, na mara nyingi gharama ya sindano ni juu ya aliyeng'atwa. Ndiyo maana kosa kubwa kuliko mbwa kuponyoka ni mwenye mbwa kuponyoka. Mbwa akishika mguu wa mtu, wapo wanaompigia mluzi na kukata kona. Angebaki, akatoa namba ya simu na kadi ya chanjo, angekuwa amempunguzia mwenzake nusu ya mateso.

Ukiyajua hayo, lile jiwe linalowaudhi wapenda mbwa utalielewa. Kila aliyekulia hapa anajua kwamba ukiinama tu kama unayeokota kitu, mbwa wengi wanarudi nyuma. Si ukatili, ni silaha pekee ya mtembea kwa miguu asiye na geti la kujifungia. Naam, jiwe likirushwa linamfanya mbwa kuwa mkali zaidi kesho. Kusimama wima, mikono imeshuka, bila kumkodolea macho, kunasaidia zaidi. Lakini ushauri huo mpe mwenye mbwa amfundishe mbwa wake kwanza.

Niwageukie na wale wa upande wangu waliovuka mpaka. Kila mbwa akiuma mtu, haikosi sauti kwenye kikao cha mtaa: wapigwe risasi wote, watiliwe sumu. Hapo siko. Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, lakini hata kama isingekuwepo, njia hiyo haifanyi kazi. Ukiua mbwa wa mtaa, pamoja nao unaua waliokwisha chanjwa, na nafasi yao inajazwa na watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa. Kinachokata kichaa ni kuwachanja mbwa, saba kati ya kila kumi, na kurudia. Mfano tunao hapahapa nyumbani: Pemba walichanja hadi maambukizi yakakatika, chanjo ikalegea, ugonjwa ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja upya na mwaka 2018 ukakatika tena. Kisiwa kina bahari ya kukizunguka na bado ugonjwa uliingia. Moshi haina hata ukuta.

Nataka nini basi? Kamba. Kamba iwe mkononi, imefungwa kwa mbwa, popote penye njia ya watu, msituni Rau ikiwemo, ambako pia kuna mbega juu ya miti na watu wa majani na kuni chini yake. Anayetaka kumwachia mbwa wake kwanza ajipime mwenyewe: mwite mara moja, akiwa amemwona mbuzi. Akija, tuzungumze. Akiitwa mara nne, huyo bado ni wa kamba, hata awe na moyo wa malaika. Chanjo kila mwaka, na kadi ipigwe picha ikae kwenye simu. Halafu mlinzi afundishwe, maana tukisema ukweli, mbwa wengi wa Shanty Town hawako na bosi wao, wako na mlinzi. Yeye ndiye anayefungua geti alfajiri aendelee na mambo yake, na mbwa anapouma, bosi yuko safari na lawama zinamkuta yeye.

Kuna nyumba ninayopita karibu kila siku. Getini pana kibao, MBWA MKALI, kwa herufi nyekundu na picha ya kichwa cha mbwa. Hatua chache pembeni, ua wa michongoma una tundu linalomtosha mbwa kupita bila kuinama, na ardhi ya hapo imekuwa laini kwa kukanyagwa. Mwezi huu kibao kimepakwa rangi upya. Tundu liko palepale.