Maziwa ya nyuki: kijiko kina miligramu ngapi?

Anayetoka Kirumba kwenda Buhongwa, hapa Mwanza, hawezi kukosa njiani duka lenye chupa ya asali iliyobandikwa karatasi isemayo ndani mna maziwa ya nyuki, yale ambayo wengi huyaita royal jelly, chakula ambacho nyuki wauguzi hukitoa mwilini mwao kulisha watoto wa mzinga. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Muuzaji husema yanashusha sukari, yanarudisha nguvu, yanafaa kwa presha. Mfamasia akisema subiri kwanza, anaambiwa anatetea vidonge vya viwandani na hapendi kitu cha asili. Nadhani mfamasia haeleweki.

Wanaoyasifu wana hoja. Yai lililorutubishwa linaweza kutoa nyuki kibarua wa kuishi wiki sita hivi msimu wa kazi, au malkia wa kuishi miaka miwili na zaidi anayetaga mayai mengi kupita uzito wake kwa siku. Majana yote, yaani watoto wa nyuki waliotoka kwenye mayai, hupewa maziwa haya siku tatu za mwanzo, ila jana la malkia huendelea kulishwa hayo hayo hadi chumba kizibwe. Ndani yake mna protini, sukari na asidi ya mafuta iitwayo 10-HDA, ambayo maabara imeonyesha inazuia baadhi ya bakteria. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2012 uliwapa watu 61 wenye afya gramu 3 kila siku kwa miezi sita, ukaona mabadiliko mazuri kwenye chembe nyekundu za damu na jinsi mwili unavyohimili sukari. Si jambo la kudharau.

Ila kutoka kwa malkia hadi kwa binadamu ni safari ndefu. Mwaka 2011 mtafiti mmoja wa Japani alitangaza kwamba protini moja ndiyo inayomfanya jana awe malkia. Mwaka 2016 watafiti wengine walionyesha kwamba protini ile peke yake haitoshi. Kama hata ndani ya mzinga jambo bado linabishaniwa, kuliruka moja kwa moja hadi kwenye kongosho la mtu ni haraka mno. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipopima madai ya kiafya ya maziwa ya nyuki mwaka 2011, ilisema uhusiano wa sababu na matokeo haujathibitishwa. Na wale 61 wa Japani hawakuwa wagonjwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayorukwa na watu wengi.

Maziwa haya hayakamuliwi kwenye sega la asali. Mfugaji huchukua majana yenye umri wa chini ya siku moja na nusu, na bora zaidi chini ya saa 24, akayahamisha kwa sindano ndogo hadi kwenye vikombe vya nta au plastiki vilivyopangwa kwenye fremu. Fremu hiyo huiweka kwenye kundi lenye nguvu lisilo na malkia, au juu ya wavu unaomzuia malkia kupita. Nyuki wauguzi hudhani wanahitaji malkia mpya, wakajaza vikombe maziwa. Siku ya tatu fremu hutolewa, kuta za nta hukatwa, jana huondolewa kwa koleo, maziwa hufyonzwa na kuchujwa. Ukichelewa siku moja, jana limekula sehemu kubwa ya ulichokitafuta.

Kikombe kilichopokelewa vizuri hutoa takriban miligramu 200. Tuseme umeweka vikombe 45, nyuki wakapokea 30. Hiyo ni gramu 6. Ukirudia kila siku tatu bila kukosa, mwezi mzima unapata gramu 60 kwa kundi moja. Kipimo cha utafiti wa Japani ni gramu 3 kwa siku, yaani vikombe 15, yaani gramu 90 kwa mwezi. Kundi zima, likitunzwa kwa bidii namna hiyo, halimtoshelezi mtu mmoja.

Hesabu hiyo ni ya nyuki watulivu. Nyuki wetu wa bara, jamii ya Kiafrika iitwayo scutellata, hawapendi kufunguliwa kila siku tatu. Hukasirika, na wakisumbuliwa sana huhama. Mfugaji wa Sengerema au Geita anayejaribu kazi hii kwa mzinga wa fremu anaweza kupoteza kundi alilolilea mwaka mzima, akabaki na gramu sita kwenye friji.

Basi rudi kwenye ile chupa ya nusu kilo. Iwe imechanganywa gramu 5 za maziwa halisi, ambazo ni vikombe 25 vya kazi. Kijiko cha gramu 20 kitakuwa na miligramu 200, sehemu moja ya 15 ya kipimo cha utafiti. Ili kila kijiko kibebe gramu 3, chupa hiyo inahitaji gramu 75 za maziwa, vikombe 375. Muuzaji asiyeandika miligramu kwenye karatasi hasemi uongo lazima, ila anamwachia mteja kudhani. Na vidonge navyo vina mtego wake: gramu 1 ya unga mkavu ni sawa na takriban gramu 3 za maziwa mabichi, kwa kuwa karibu theluthi mbili ya maziwa ni maji. Karatasi isiyosema ni ipi kati ya hizo mbili haimsaidii anayelipa.

Ubora pia haupimwi kwa kipimo kimoja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12824 cha mwaka 2016 kinataka 10-HDA isipungue asilimia 1.4. Lakini asidi hiyo huvumilia joto na muda, hivyo maziwa yaliyokaa dukani miezi mingi kwenye joto la Mwanza yanaweza kufaulu kipimo hicho huku protini zake zimeharibika. Mabichi huwa meupe kama maziwa mazito, makali na machachu kwenye ulimi. Yakizeeka huwa ya manjano hadi kahawia. Mahali pake ni kwenye friji chini ya nyuzi 5 kwa wiki chache, au nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda mrefu. Watu wa ziwani wanajua barafu ni nini kwa sangara wanaokwenda viwandani. Na wanakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, jinsi kosa la wachache lilivyowaangukia wote. Soko la maziwa ya nyuki halina hata barafu ya kutosha, na tayari linaahidi kutibu.

Kisha kuna hatari. Mwenye pumu au mzio wa mazao ya nyuki anaweza kubanwa pumzi ndani ya dakika chache, na vifo vimewahi kuripotiwa. Ndiyo sababu Australia inalazimisha onyo kwenye kila kopo. Marekani, mwaka 2006, iliripotiwa mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aliyeanza kuvuja damu baada ya kuongeza maziwa ya nyuki. Kwa mzee wa Mwanza anayefuata kliniki ya moyo Bugando, na mwanawe akamletea zawadi ya chupa, onyo hilo si urasimu wa mfamasia.

Kisheria njia ipo. Tangu 2019 chakula kiko chini ya TBS, Shirika la Viwango, dawa zikabaki TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na dawa za asili zina Baraza lake. Chupa inayoandika "asali yenye maziwa ya nyuki, miligramu 200 kwa kijiko, isitumiwe na mwenye pumu" inauzwa kama chakula. Ikiongeza neno "hutibu", imevuka mstari, na mfugaji aliyepanga vikombe 45 kwa mikono yake anabaki bila utetezi siku mteja atakapobanwa kifua.