Msimpake bibi rangi

Siku hizi kila ukoo una kijana mwenye programu ya kupaka rangi picha za zamani. Anapiga kwa simu, anabonyeza, bibi anatoka na midomo myekundu na ngozi laini kama ya mdoli. Kundi zima la WhatsApp linashangilia. Mimi nimenuna.

Picha yenyewe ni ya bibi na shoga yake, imepigwa studio Unguja. Mji Mkongwe ulikuwa na wapiga picha tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa 1930, kwa hiyo kwenda kupigwa picha mkiwa mmependeza lilikuwa jambo la kawaida mjini. Wawili hawa wamevaa kanga sare. Programu ikampa bibi nyekundu, mwenzake kijani! Sare ndiyo iliyowapeleka studio, nayo ndiyo iliyofutwa.

Ile rangi ya hudhurungi ya picha za zamani pia msidhani ni uchakavu tu. Picha nyingine hufifia kweli, hasa zile za kale zilizochapwa kwenye karatasi ya ute wa yai, ambazo hugeuka manjano. Lakini mafundi wengi waliitia makusudi: dawa inageuza madini ya fedha yaliyomo kwenye picha kuwa salfaidi, yaani fedha iliyoungana na salfa, na salfaidi hustahimili miaka.

Kilichoniuma zaidi ni mikono. Bibi kakaa kitini, shoga yake kasimama, mkono begani. Huo ni mpango wa fundi, utauona kwenye picha kibao za studio. Ila chini kidogo, penye mkunjo wa kanga, kidole kidogo cha bibi kimenasa kwenye kidole cha mwenzake. Hapo fundi hakutia neno. Programu ilipolainisha, vidole vikayeyuka vikawa donge moja la nyama. Na lile doa la mafuta pembeni, walipopashika watu wakipokezana picha barazani, nalo limesafishwa.

Basi iskanini kwanza kama ilivyo, mbele na nyuma, maana nyuma kuna muhuri na mwandiko. Msiitie laminesheni. Nakala chezeeni mtakavyo, lakini kabla hamjachagua rangi mpigieni simu mama mkubwa. Kanga ile anaikumbuka, na maneno yake anayajua.