Njia ya msituni huharibiwa na mguu kabla ya chupa

Vibao vya msituni vinatukumbusha tusitupe takataka. Sawa, tusitupe. Lakini ukipanda msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto katika milima ya Usambara, hebu acha kutafuta mbega kwenye matawi kwa muda, utazame unapokanyaga. Chupa huokotwa. Korongo likishachimbika katikati ya njia, nani atalifukia?

Udongo wa Usambara ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukikauka hushika vizuri, ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Mtembezi akiona tope mbele anakwepa kwa kupita kwenye majani ya pembeni. Anayemfuata naye anakuta pembeni pameshakuwa tope, anakwepa mbali zaidi. Masika yakiisha, kijia cha mtu mmoja kimekuwa barabara, na miche iliyokuwa ikichipua ukingoni haipo tena. Kwa hiyo pita katikati ya tope. Vaa viatu usivyovionea huruma na ushike fimbo. Anayetaka kurudi na raba nyeupe asubiri Januari au Septemba.

Kibaya zaidi ni kukata kona. Njia ya mlimani hupindapinda makusudi ili mteremko uwe mpole. Watu wakishuka na haraka zao wananyoosha moja kwa moja, kona hadi kona. Mvua ikija, maji nayo yanafuata mkato huohuo: yanapata kasi, yanachukua udongo wa juu na kuumwaga kijitoni. Huko chini kijiji kimejenga banio la maji ya mserereko, yaani yanayoteremka yenyewe hadi bombani, na mama anayefungua bomba asubuhi anakinga maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ukikuta mkato umeshaanza, laza tawi kavu lililoanguka mdomoni mwake, watu wasiuone kama njia. Usikate bichi kwa ajili hiyo, wala usichanje magome kwa panga ili kuweka alama. Kidonda hicho ni mlango wa wadudu na kuvu.

Nje ya msitu njia hupita mashambani, kati ya viazi, kabeji na maharage. Majani ya ng'ombe yaliyopandwa kwenye kingo za matuta hayako pale kwa urembo tu au kwa malisho tu, mizizi yake ndiyo inayoshika udongo. Ukisimama ukingoni upige picha ya bonde, umebomoa kazi ya mtu ya jembe la mkono. Baki kwenye kijia. Aliye shambani mwambie "Pole na kazi", mzee mpe shikamoo yake kwanza, ndipo uulize njia.

Ukikutana na aliyebeba kuni au gunia kichwani, wewe ndiye wa kupisha. Simama upande wa mlima, mgongo ukiegemea kingo. Ukijibana upande wa bonde, ukingo unaweza kumeguka nawe, na yeye hawezi kukudaka.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ada yake hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali (control number). Anayeipokea mkononi bila stakabadhi hauhudumii msitu. Chukua mwongozaji wa kijijini, hata kama simu yako ina ramani, kwa sababu ramani haijui mti upi ulianguka juzi.

Haja kubwa ikikubana, ondoka njiani, kaa mbali na maji angalau mita 60, umbali uleule ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inauweka kulinda mito. Chimba shimo la kina cha shubiri moja, fukia. Karatasi rudi nazo kwenye mfuko.

Siafu wakikatiza njia, ruka safu yao kwa hatua moja ndefu, suruali ikiwa ndani ya soksi. Ukiwakanyaga watatawanyika, na atakayeumwa ni yule wa nyuma yako. Anza saa moja asubuhi ili saa kumi jioni uwe umeshatoka, maana chini ya miti giza huingia kabla jua halijazama, na ukungu ukishuka hata kona uliyopita saa mbili zilizopita huitambui.