Barakoa za Venice na Pengo la Miaka 182

Kila kanivali ya Venice, sherehe ya barakoa ya mji huo wa Italia, inapokaribia, hoja ileile huibuka: kwamba barakoa zilizotengenezwa kwa mkono zinazouzwa kule ni utamaduni wa kubuni, uliofufuliwa kuwakamua watalii. Wenye hoja hii hushikilia miaka miwili. Mwaka 1797 Napoleon aliiangusha Jamhuri ya Venice, barakoa zikapigwa marufuku na kanivali ikafifia. Ikarudi rasmi 1979. Katikati ni miaka 182.

Pengo hilo si dogo. Ni vizazi sita au saba, na hakuna babu aliyemkabidhi mjukuu kalibu ya jasi. Mafundi wa mwishoni mwa miaka ya 1970, wengi wao vijana waliosomea sanaa, walianza karibu na sifuri. Nalikubali hilo. Ila kila nikiirudia hesabu hiyo, naona inatuambia ufundi ulikatizwa, haituambii kwamba ni wa uongo. Anayelima upya shamba la ukoo lililoachwa pori, nani atamwita mvamizi? Na hilo la kuuza lisitushtue: watengenezaji barakoa, mascareri, walikuwa na kanuni za chama chao tangu 1436, nao waliishi kwa kuuza.

Tena kazi yenyewe haidanganyi. Fundi hufinyanga sura kwa udongo, akaimwagia jasi kupata kalibu. Ndani ya kalibu hubandika vipande vya karatasi vilivyoloweshwa gundi, tabaka juu ya tabaka, akivikandamiza kwa vidole hadi kwenye mikunjo ya pua. Ikikauka huitoa, hukata macho, huipaka rangi nyeupe ya chini, huipiga msasa, ndipo aanze kuchora. Tazama bauta, barakoa ya kale ya Venice inayofunika uso wote: sehemu yake ya chini imechomoza mbele kama mdomo wa jagi, ili mvaaji ale, anywe na azungumze bila kuivua, na sauti yake isitambulike. Umbo hilo lilizaliwa na matumizi.

Barakoa ya plastiki kutoka China nayo ina haki yake. Kwa euro chache mtoto anaingia kwenye sherehe, na kanivali ya wenye fedha tu ingekuwa kanivali gani? Sina ugomvi na mtoto huyo wala mzazi wake. Ugomvi wangu ni na duka linalozitundika zote mbili msumari mmoja bila kusema ipi imetoka wapi, mnunuzi akabaki kulinganisha bei peke yake. Hapo fundi ameshashindwa kabla hajafungua kinywa.

Ukiwa pale, igeuze barakoa utazame ndani. Ya mkono, kama haikufunikwa kwa kitambaa, huonyesha kingo za vipande vya karatasi vilivyopandana, na pengine alama ya kidole karibu na pua.