Soko Lisilo na Hata Fungu la Mchicha

Shemeji yangu anayeishi Birmingham kanichukua kwa gari, eti twende nikaone mji wa kale wa soko. Mji wenyewe ni Chipping Campden, huko Cotswolds, eneo la vilima na mashamba Uingereza. Mimi mtu wa Kariakoo, ukinitajia soko naulizia kikapu. Akacheka tu.

Soko lipo, sitalisingizia. Jengo la mawe lenye matao, lililojengwa mwaka 1627 kwa fedha za tajiri Baptist Hicks, ili wauza siagi, jibini na kuku wasilowe mvua. Jengo lipo, mvua ipo, wauzaji sasa! Hata fungu la mchicha hakuna. Watu wanapiga picha nguzo. Nikatamani kupaza sauti, "Mia tano, mia tano!" angalau pachangamke. Shemeji akanibana mkono.

Huyo Hicks naye alijijengea jumba la kifahari kando ya kanisa. Mwaka 1645, mwenyewe keshafariki, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, likateketezwa. Na walioliteketeza si maadui, ni askari wa mfalme waliokuwa wakilala humohumo! Walipohama wakaona bora lisimfae mtu. Wapangaji wa namna hiyo hata Manzese tunao.

Halafu nyumba za kuezekwa nyasi. Kijijini kwetu mwenye paa la nyasi hata mchumba hapati mpaka apandishe bati. Huku ndizo za matajiri! Nilisoma bei kwenye kioo cha dalali nikatafuta pa kukaa. Na ukishanunua, nyumba si yako kihivyo: ikishaorodheshwa kuwa ya kihistoria, kubadili dirisha tu mpaka kibali cha halmashauri.

Utajiri wote huo chanzo chake manyoya ya kondoo. Kanisani kuna kaburi la William Grevel, mfanyabiashara wa sufu aliyefariki mwaka 1401, na bamba la shaba linamtaja kuwa ni ua la wafanyabiashara wa sufu wa England nzima. Baba yangu mdogo ana kondoo hadi wanamsumbua, na hakuna aliyewahi kumwita hata jani.

Njaa ikatuingiza mgahawani. Chai, kimkate kikavu wanachokiita skoni, jemu kidogo, krimu nzito. Kwa bei ile, Tandika unanywesha chai na maandazi nyumba nzima, na jirani anayejifanya amekuja kuazima chumvi. Mlangoni wamemwekea mbwa bakuli la maji, bure. Nikamwomba yule dada apunguze bei, au basi atie skoni moja ya nyongeza. Akaniomba radhi. Nikabembeleza, akaniomba radhi tena, kwa huzuni kabisa, kama vile yeye ndiye mwenye shida. Waingereza bwana! Nikajikuta nimelipa bei nzima na kumwachia bakshishi.