Banquo Naye Alinyamaza

Nimefunua daftari la mpwa wangu anayesoma fasihi chuoni, nikakuta jedwali la wahusika wawili wa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare. Huku Macbeth: "tamaa ya madaraka." Kule Banquo: "mwadilifu, aliyaachia majaliwa." Vema jekundu juu yake. Hongera, mwalimu!

Haya, nakubali shingo upande kwamba Banquo hakuua mtu. Wachawi walipowatokea yeye na Macbeth nyikani, wakamtabiria Macbeth ufalme na Banquo kizazi cha wafalme, ndiye Banquo aliyetahadharisha kwamba nguvu za giza humwambia mtu ukweli kidogo ili zimwangamize kwenye makubwa. Usiku Macbeth anapomuua Mfalme Duncan, Banquo anaomba azuiliwe mawazo mabaya yanayomjia akilala. Maksi zake apewe.

Sasa mwenye tafsiri ya Kiswahili ya Mushi ya 1968 afungue tendo la tatu, mwanzo kabisa. Duncan keshauawa. Banquo yuko peke yake jukwaani na anasema wazi: anahofia Macbeth ameupata ufalme kwa mchezo mchafu. Je, anamfuata Macduff, mmoja wa wakuu wa Uskoti, amwambie kuhusu wale wachawi? Thubutu! Papo hapo anakumbuka kuwa na yeye aliahidiwa kizazi cha wafalme, anaanza kujipa matumaini, mara tarumbeta inalia. Anajiambia anyamaze. Mfalme mpya anaingia, na mwadilifu wetu anamhakikishia utii usiokatika milele.

Hawa si tunaishi nao? Wameona bosi anakomba kila kitu, wakafunga midomo kwa sababu nao kuna cheo wameahidiwa. Tamaa ni ile ile. Macbeth alishika jambia. Banquo alikaa kwenye foleni.

Wala simtetei Macbeth. Unabii wake mwenyewe aliuamini hadi akamuua mgeni aliyelala chini ya paa lake, ila ule wa Banquo akakodi wauaji wakaufute. Majaliwa ya kuchaguachagua! Fleance, mwana wa Banquo, akawaponyoka gizani. Bibi Macbeth, mkewe aliyemchochea, mwacheni, lawama alizotwishwa zinamtosha.

Na kuna hili ambalo kwenye jedwali halimo. Katika historia ya Uskoti iliyoandikwa na Holinshed, alikochota Shakespeare, Banquo alikuwemo kwenye njama ya kumuua Duncan. Lakini mwaka 1603 James wa Uskoti alikalia kiti cha Uingereza, na ukoo wake ulisemekana kutokana na Banquo huyo huyo. Nani angethubutu kumpaka damu babu wa mfalme mbele ya mfalme? Basi Shakespeare akamnawisha mikono, ila ile kauli ya kujinyamazisha akaiacha.