Tuache kuita kila maumivu ya korodani ngiri

Kijana aliingia akitembea kwa kutanua miguu, akahakikisha mlango umefungwa ndipo akasema: "Dokta, ni ngiri tu hii. Imeanza juzi." Alikuwa ameshameza sipro, vidonge vya kuua bakteria, za siku mbili kutoka duka la dawa la mtaani kwao.

Neno ngiri linatuumiza. Utumbo ukishuka kwenye kinena ni ngiri, busha ni ngiri maji, kiuno kikikaza ni ngiri, na pumbu likivimba ghafla nalo ni ngiri. Huku pwani tumeishi na matende na mabusha vizazi na vizazi, kwa hiyo uvimbe wa sehemu hizo haumshtui mtu. Lakini busha hukua taratibu, kwa miezi na miaka, na mara nyingi haliumi. Korodani iliyovimba na kuuma ndani ya saa chache au siku mbili ina jambo jingine.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni korodani kujisokota. Mshipa unaoipelekea damu hujinyonga, na korodani huanza kufa. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 hivi, nyingi hupona. Ikipita siku nzima, nyingi hukatwa. Maumivu yake huja kwa mpigo, hata usingizini, na kijana hutapika. Korodani huonekana imepanda juu au imelala kiubavu. Huyo anahitaji upasuaji usiku huohuo. Altrasaundi ya kuangalia mtiririko wa damu inasaidia, lakini dalili zikiwa wazi, kumwambia arudi nayo kesho ni kumpotezea kiungo. Wazazi wa wavulana, hili ni lenu pia: mtoto akiamka analia kwa kushika huko, msimkandie maji ya moto mkasubiri asubuhi.

Kijana wangu alikuwa na habari tofauti. Maumivu yalipanda polepole kwa siku mbili, mkojo ulimchoma, na usaha kidogo ulionekana asubuhi. Nilipompapasa paja kwa ndani, korodani ilijivuta juu kama inavyotakiwa, ishara kwamba huenda haikuwa imejisokota. Palipouma hasa ni nyuma yake, kwenye epididimisi, ule mrija uliojikunjakunja ambamo mbegu hukomaa. Ukinyooshwa hufika mita 6 hivi.

Kwa wenye umri chini ya miaka 35 wanaofanya ngono, maambukizi ya hapo mara nyingi ni klamidia au kisonono vilivyopanda kutoka njia ya mkojo. Kwa wazee, hasa wenye tezi dume iliyokua, mara nyingi ni bakteria wa kawaida wa mkojo. Ndiyo maana sipro za dukani hazikumfaa: kisonono kimeshaizoea, na klamidia haiiwezi vizuri. Alihitaji sindano moja ya seftriaksoni, na doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 10. Nikampima VVU na kaswende, nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia apumzike na avae chupi inayobana ili korodani zisining'inie. Ndani ya siku 3 alitakiwa awe na nafuu. Asipoipata, arudi tuchunguze upya, maana hata kifua kikuu hujificha hapo. Uvimbe wenyewe unaweza kukaa wiki kadhaa, na wengi hudhani dawa imeshindwa.

Nilipomuuliza kuhusu mwenza wake alinyamaza. Hapa ndipo sisi watoa huduma tunapoharibu. Tunaandika "mlete mwenza" kwenye cheti, tunaita mwingine. Yeyote aliyelala naye ndani ya siku 60 anahitaji matibabu, tena huenda mwanamke huyo hana dalili yoyote huku kizazi chake kinaharibika. Kijana hawezi kubeba taarifa nzito hivyo kwa maneno mawili ya kwenye karatasi.

"Nitamwambiaje, dokta?"

Nilifunga faili, nikavuta kiti karibu. Foleni nje ilikuwa ndefu, lakini dakika zile 10 nazihesabu kuwa sehemu ya dozi.